Sili ya Mashine na Mali ya Mayatima



Wiki hii nimeombwa na dadangu niandike habari za kitu kidogo ambacho huenda wengi wenu hamjapata kukitia machoni. Ni pete ya mpira iliyovishwa chuma kwa nje, inayoenea katika kiganja cha mkono. Mafundi huiita sili. Kazi yake ni kuzuia oili isivuje pale shafti inapotokeza nje ya mashine. Kwa ajili ya pete hiyo nilisafiri kutoka Lamu hadi Kajiado, nchi ya nyasi na ng'ombe isiyo na hata tone la bahari. Nakusimulieni safari hiyo kwa sababu haikuwa ya chuma peke yake. Ndani yake mlikuwa na haki za watoto.

Mashua na warithi wake

Shemeji yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha mjane, watoto wanne na mashua moja ya kubebea abiria na mizigo baina ya Lamu na Faza. Wazazi wake walikuwa wametangulia mbele ya haki. Basi mirathi ilikuwa wazi: mjane thumni yake, na kilichobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mafungu mawili kwa fungu moja la mwanamke. Wawili kati ya hao watoto hawajabaleghe. Mashua haikatwi kwa msumeno, kwa hivyo iliachwa iendelee kufanya kazi chini ya nahodha aliyeaminika, na pato likawa linagawanywa kila mwisho wa mwezi.

Mashine yake ni Lister ya silinda mbili, kongwe, iliyonunuliwa mkononi mwa mtu kabla kitinda mimba hajazaliwa. Dadangu alipotoka edani, miezi minne na siku kumi, nahodha alimjia na habari mbaya. Mashine ilikuwa ikitokwa na oili kwa nyuma, upande wa gurudumu lile zito. Ngama ilikuwa imejaa maji meusi, na kila safari ilidai oili ya kuongezea.

Asiyeijua mashine anaweza kusema: oili ikipungua si itiwe nyingine? Lakini oili ndiyo inayotenganisha chuma na chuma. Ikipungua bila kuonekana, krenki na beringi zake husagana, hupata moto, kisha mashine hushikana na kuzimika. Sasa fikirini izimike Mkanda, maji yanapokupwa, mkondo unavuta, na ndani mna mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Lamu. Au izimike nje wakati wa kusi. Hapo hesabu si ya pato tena.

Katika siku hizo alitokea mnunuzi. Aliitazama mashua, akaipenda, akataja bei nzuri. Dadangu akanipigia simu usiku.

"Kaka, huyu bwana hakuuliza habari ya oili hata kidogo. Nikinyamaza, nina dhambi?"

Nilijua analotaka kusikia. Nilijua pia kwamba bei ile ingewasomesha watoto miaka kadhaa. Lakini sote tumesomeshwa kisa cha Mtume, sala na salamu zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye lundo akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule ulioloa juu ili watu wauone, kisha akasema: mwenye kughushi si miongoni mwetu. Wanazuoni wetu wakajenga juu ya hapo mlango mzima wa khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa iliyofichwa kasoro yake.

Nikamwambia: "Mweleze."

Akamweleza. Yule bwana akashusha bei hadi nusu, kisha akasema atarudi Ijumaa. Ijumaa zilipita tatu na hakuonekana. Dadangu hakunilaumu. Alisema neno moja tu:

"Haya, Sheikh, hukumu umeshaitoa. Spea nani atakwenda kuitafuta?"

Sili iliyoingia isipofaa

Nilianza kwa kosa, nami nalikiri. Nilikwenda Mombasa mikono mitupu, nikaingia dukani nikasema, "Nataka sili ya nyuma ya Lister." Muuzaji akatazama rafuni, akachagua moja, akanifungia. Hakuuliza namba ya mashine wala kipimo cha shafti. Mimi nami sikuuliza lolote. Fundi aliipachika kwa nyundo, ikaingia kwa kukazana. Baada ya majuma matatu mashine ilivuja kuliko mwanzo. Alipoifungua, mdomo wa sili ulikuwa umeungua ukawa mgumu kama pembe, na kikombe cha chuma kinachoibeba sili kilikuwa kimepata ufa kwa zile nyundo.

Kwa nini iliingia na isifae? Hapa pana jambo ambalo kila mwenye mashine kongwe ya Kiingereza yafaa alijue. Kampuni ya Lister ilianzishwa mwaka 1867 katika mji wa Dursley, Uingereza, na mashine zake za zamani zilitengenezwa kwa vipimo vya inchi. Sili nyingi zilizojaa madukani leo ni za milimita. Inchi mbili ni milimita 50.8. Sili ya milimita 50 itavutika na kuvaa juu ya shafti hiyo, na mkono utadhani imekaa sawasawa. Vivyo hivyo kwa nje: inchi mbili na robo tatu ni milimita 69.85, na sili ya 70 hugongwa ikaingia. Lakini mdomo wake huibana shafti kupita kiasi, hupata joto, huungua. Tofauti isiyofika milimita moja hula sili nzima kwa muda mfupi.

Hivyo tukawa na hasara mbili badala ya moja. Sili ingeweza kupatikana mahali fulani. Kikombe chake, cha mashine ambayo umri wake haupishani sana na wangu, kingepatikana wapi?

"Mjomba, nimeisikia mashine ya baba"

Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hakuna aliyemfikiria. Binti mkubwa wa dadangu ameolewa Kitengela, mji ulioko kaunti ya Kajiado, kiasi cha kilomita 30 kusini ya Nairobi, katika barabara ya kwenda Namanga. Aliposikia masaibu yetu alinipigia.

"Mjomba, mimi nimeisikia mashine ya baba huku bara."

Nikadhani majonzi yanamzungumzisha. Lakini alikuwa timamu. Siku moja alipitia karibu na kinu cha kusagia mahindi, akasikia mlio aliolelewa nao, ule wa taratibu, wa kishindo kizito. Akaingia, akauliza, akaambiwa ni Lister. Akapiga picha ya kibati cha jina akanitumia. Muundo ulikuwa uleule.

Nilipotafakari niliona si ajabu. Kiwanda kile hakikutengeneza mashine za baharini mbali na za nchi kavu tangu mwanzo hadi mwisho. Kiini kilekile cha mashine, yaani krenki na sanduku lake, kiliuzwa kwa mwenye kinu, kwa mwenye pampu ya kisima, kwa mwenye jenereta na kwa mwenye mashua. Ya baharini iliongezewa vitu vyake: gia ya kwenda mbele na nyuma, pampu ya maji ya bahari na mabomba yake. Kwa hivyo spea za kiini zaweza kupatikana popote palipopata kusagwa mahindi au kuvutwa maji ya kisima. Na Kajiado ni nchi ya ukame, yenye visima virefu vilivyovutwa kwa dizeli miaka na miaka.

Nikapanda basi hadi Mombasa, kisha treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, nikateremka Athi River. Mpwa wangu alikuwa ananingoja kituoni na mtoto mgongoni. Mkononi nilikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake sili ya kwanza kabisa iliyotoka katika mashine ile. Marehemu aliibadilisha zamani na hakuitupa. Aliifunga kwa kitambaa na karatasi yenye namba za mashine kwa mwandiko wake, na dadangu akaihifadhi kabatini pamoja na vyeti vya watoto bila ya kujua ni kitu gani. Alijua tu kuwa mumewe hakuwa mtu wa kuweka takataka.

Pale Kitengela, kando ya barabara inayopitwa na malori usiku na mchana, tulimkuta kijana anayeuza sili tupu, zimetungwa misumarini kwa ukubwa wake. Nikaanza tena, "Nataka sili ya Lister." Akatabasamu.

"Ustadh, mimi siuzi jina. Nauza kipimo. Umekuja na ya zamani?"

Nikalifungua kopo. Akaifuta pete ile kongwe, akaipima kwa kalipa ndani, nje na unene, akaandika kwa inchi na kwa milimita. Kisha akaniuliza maswali ambayo muuzaji wa kwanza hakuniuliza. Inakaa mahali penye oili ya moto, au inagusa maji ya bahari? Akanieleza kwamba mpira wa kawaida wa nitrili huvumilia joto la kiasi cha nyuzi 100, na uko mpira mwingine, Viton, unaovumilia hadi kiasi cha 200 lakini ni ghali. Akanionyesha kispringi chembamba kilichozunguka mdomo wa sili. Kwa upande wa oili, alisema, chuma cha kawaida kinatosha. Kwa pampu ya maji ya chumvi, kispringi kisipokuwa cha chuma kisichoshika kutu kitaliwa na sili italegea.

"Na shafti je? Ina mfereji?"

Sikujua. Akaniambia nimpigie fundi wa Lamu, apitishe ukucha juu ya shafti pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukikwama, basi sili iliyotangulia imekwisha kuchimba mfereji, na sili mpya, hata iwe bora vipi, itavuja. Fundi akapitisha ukucha. Ukakwama. Dawa yake ni kivishio chembamba cha chuma kinachovalishwa juu ya shafti kuufunika mfereji. Kilibidi kiagizwe Nairobi, kikafika kesho yake. Na kabla hatujaagana aliongeza jambo moja bila malipo: "Mwambie fundi atazame pumuo la mashine. Likiziba, hewa hujaa ndani na kuisukuma oili nje. Mtabadilisha sili kila mwezi."

Kajiado

Kilibaki kikombe. Mwenye kinu alituelekeza kwa mzee mmoja karibu na mji wa Kajiado, mwendo wa kiasi cha kilomita 50 kutoka Kitengela, ukipitia Isinya. Wenyeji husema jina Kajiado limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu. Siku tuliyofika sisi mto haukuwa na maji. Kisima cha mzee kilikuwa kikivutwa kwa mitambo ya jua, vioo vimepangwa kuelekea juani, na chini ya kibanda cha mabati zilikuwa zimelala Lister mbili zilizostaafu. Zetu za pwani hufa kwa chumvi. Zile zilikuwa zimefunikwa na vumbi, lakini ukilipangusa, chuma chake kingali safi.

Mzee alimwagiza kijana wake afungue ya kwanza. Kikombe kikatoka, kikaoshwa kwa petroli. Nikakilinganisha na picha na vipimo, nikaona ndicho. Mpwa wangu akapatana bei, nikatia mkono mfukoni. Hapo mzee akauliza, kama mtu anayepitisha mazungumzo:

"Hapa mashine ikizimika, ng'ombe hulala na kiu. Huko kwenu inabeba nini?"

"Inabeba watu, Mzee. Baharini."

Akanyamaza. Kisha akanyoosha mkono akakitwaa tena kikombe, akatoka nacho juani, akakigeuza polepole. Akaniita. Penye tundu la skrubu palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Mimi nilikitazama kabla na sikuuona, na lau angenyamaza, ningelipa na kumshukuru.

"Hiki siuzi," akasema, na akamwambia kijana aifungue mashine ya pili. Kazi ilichukua hadi alasiri. Kikombe cha pili kilikuwa kizima, na bei haikuongezeka hata shilingi moja.

Mzee yule si katika watu wa msikiti wetu. Lakini nilipokuwa njiani kurudi nilijiuliza ni mara ngapi nimesimulia kisa cha lile lundo la chakula nikiwa juu ya mkeka, mbele ya wanafunzi, bila ya kuwahi kumwona mtu akiutia mkono wake mwenyewe ndani ya lundo lake ili amtolee mnunuzi ule unyevu.

Kazi ilivyokwisha

Lamu, fundi alianza na pumuo. Lilikuwa limeziba kwa masizi. Huenda uvujaji wote ulianzia hapo, kwa kitu ambacho kingesafishwa kwa dakika chache bila gharama. Alilisafisha, akakivalisha kivishio, akapaka oili mdomo wa sili mpya, akaielekeza kispringi chake ndani kwenye oili, na akaisukuma kwa kipande cha mbao kilicho bapa, kidogo kidogo pande zote, pasipo nyundo ya hasira. Tukabadilisha pia sili za pampu ya maji. Hizo hazikutoka bara. Zilitoka Mombasa, na safari hii nilikwenda na kipimo.

Kuhusu pampu hiyo, akina mama, hapa pana alama rahisi. Pampu nyingi za namna hii zina sili mbili, moja ya maji na moja ya oili, na baina yake pana kitundu. Kitundu kikianza kudondoka maji, kinatoa taarifa kwamba sili imechakaa. Asizibe mtu kitundu hicho kwa gundi. Kikizibwa, maji hupenya kwenye oili, nayo hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mkiiona oili ya rangi hiyo katika kijiti cha kupimia, mashine isiwashwe tena hadi fundi aje.

Nauli zangu zilipita bei ya sili mara nyingi, na sikuzitoza mali ya mayatima. Lakini nimejifunza mambo ambayo yangenipunguzia safari, nayafikisha kwenu, iwe mna mashua, jenereta, kinu au hata cherehani. Andikeni namba zilizo katika kibati cha mashine kabla kutu haijazila, na muziweke pamoja na hati za nyumba. Spea ya zamani isitupwe. Ndiyo shahidi wenu dukani. Pimeni kwa inchi na kwa milimita. Mwelezeni muuzaji kitu kinakwenda kufanya kazi wapi, penye joto au penye chumvi. Ulizeni spea imetengenezwa wapi. Mji wa Rajkot, jimbo la Gujarat nchini India, umekuwa ukitengeneza mashine na spea za mfano wa Lister kwa miaka mingi; si vibaya kuzinunua, ila mjue mnanunua nini na mpime kabla ya kulipa. Na patana na muuzaji mapema kwamba isipolingana itarudishwa, kwani hiyo ni haki yenu kisheria ya dini na ya kibiashara.

Mume naye akikaa na fundi wake, mkewe aelezwe. Marehemu shemeji yangu aliandika namba kwenye karatasi, na karatasi hiyo ndiyo iliyotutoa gizani. Lakini lau angemwambia mkewe maneno kumi tu kuhusu kile kilichomo katika kopo, tungeokoa miezi miwili ya pato la watoto wake.

Yule mnunuzi amerudi. Amesikia mashua imetengenezwa, na ametaja bei ile ya kwanza. Dadangu amemweleza kila kitu tena, tangu ufa hadi kivishio, na akamwonyesha risiti. Bado hajampa jibu. Anasema kwanza anataka kuona kusi moja ipite. Kila alfajiri, baada ya sala, kabla nahodha hajang'oa nanga, yeye mwenyewe huteremka bandarini na kitambaa cheupe, akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa, akakitazama.

Mwenyezi Mungu azihifadhi riziki zenu na wasafiri wenu wa bara na wa bahari. Wabillahi tawfiq.